Mchawi Hayumo Uwanjani

Katika Chumbi, kusini mwa Mto Rufiji, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, vijana hushindania mbuzi. Timu hutoa viingilio, ratiba huandikwa kwenye karatasi ya daftari, na sheria ni moja tu: afungwaye hutoka. Mchezo wenyewe ni kandanda, si mpira wa kikapu, lakini ugonjwa unaozungumzwa humu ni mmoja kwa michezo yote miwili. Wala ugonjwa huo hauko miguuni mwa wachezaji. Uko vinywani mwa watazamaji, pale timu iliyotazamiwa kumla mbuzi inapofungwa na timu ambayo haikutazamiwa na mtu.

Jua la siku hiyo halijatua, hukumu zimekwisha kutolewa. Wako wasemao kuwa golikipa ameuza mechi. Wako wasemao kuwa kamati ya ufundi ya wapinzani ilikesha, na kila Mtanzania ajua kuwa kamati ya jina hilo haina uhusiano wowote na ufundi. Wako wasemao, kwa upole zaidi, kuwa ilikuwa bahati, na bahati haiulizwi. Na msomi aliyerudi likizo, aonaye haya kutaja mambo ya usiku, husema kuwa wadogo walishinda kwa sababu walikuwa na moyo. Hukumu hizi nne hudhaniwa kuwa mbalimbali. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, maana zote zakataa kutazama jinsi mchezo ulivyojengwa.

Kigogo huangushwa kwa sababu mashindano ya mtoano yametungwa kwa namna ambayo kigogo aweza kuangushwa. Mechi moja ni kipimo kifupi mno kwa kutambua aliye bora, na mnyonge mwenye akili hukifupisha kipimo hicho zaidi. Bahati imo ndani yake, hilo halikataliwi; lakini ni bahati iliyoalikwa na kuandaliwa kiti.

Mahali pa kulitazama jambo hili kwa uwazi ni Marekani, kwa kuwa huko vyuo vikuu hushindana kila Machi kwa mpira wa kikapu, kwa mtoano mtupu, na kila mtupo huandikwa. Wala mashindano hayo si mageni kabisa kwa watu wa pwani hii. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009. Urefu wake ni mita 2.21, na katika mchezo ambao kikapu hutundikwa juu, urefu wa namna hiyo ni nusu ya hoja. Basi mashindano hayo hupangwa hivi. Vyuo 64 hugawanywa katika makundi manne ya vyuo 16 (tangu 2011 huongezwa mechi nne za kutangulia). Kamati huvipa namba kwa kadiri ya nguvu: wa 1 hukutanishwa na wa 16, wa 4 na wa 13, wa 5 na wa 12. Mshindi huendelea, mshindwa hurudi nyumbani, na bingwa ni yule aliyeshinda mara sita mfululizo.

Tarehe 21 Machi 2008, katika mji wa Tampa, Connecticut walikuwa wamepewa namba 4, nao wakakutana na Chuo Kikuu cha San Diego, namba 13. Katika kipindi cha kwanza mchezaji wao tegemeo, A. J. Price, akaumia goti akatoka. Mchezo ukaenda hadi muda wa nyongeza. Ilipobaki sekunde moja na kitu, De'Jon Jackson wa San Diego akatupa, mpira ukaingia: 70 kwa 69. Mrefu wa Dar es Salaam akarudi chuoni kwake pamoja na wenzake. Laiti jambo lingekomea hapo, angetafutwa mtu wa kulaumiwa. Lakini siku ile ile, katika ukumbi ule ule, zilichezwa mechi nne, na zote nne zilishindwa na waliotazamiwa kushinda: wawili wa namba 12 na wawili wa namba 13 wakapita. Je, kamati ngapi za ufundi zilikesha Tampa usiku ule?

Siku mbili baadaye San Diego wakafungwa na Western Kentucky, mmoja wa wale wanne. Mwaka uliofuata Connecticut, na Thabeet akiwamo, wakapewa namba 1 katika kundi lao wakafika katika vyuo vinne vya mwisho. Ikiwa mechi ya Tampa ilikuwa imepima ubora, basi ubora ulihama San Diego kwa saa arubaini na nane ukarejea Connecticut kwa mwaka mmoja. Hakuna ubora wa namna hiyo. Kilichohama ni matokeo.

Hapa hesabu yafaa itumike, japo wapenzi wa michezo huichukia kama kwinini. Ichukuliwe timu ambayo kila ikikutana na yeyote ina uwezekano wa kushinda mara 7 katika 10. Hiyo ni timu kubwa kweli kweli. Ili itwae ubingwa sharti ishinde sita mfululizo, na uwezekano wa hilo ni chini ya 12 katika 100. Hata timu ya kutisha, ishindayo mara 9 katika 10, haivuki 54 katika 100. Kwa maneno mengine, bingwa wa mtoano mara nyingi si aliye bora. Ni mmoja wa walio bora ambaye siku yake mbaya haikuangukia Machi. Wachezaji wa kulipwa wa nchi ile ile hukutana hadi mara saba, na atanguliaye kushinda nne ndiye apitaye. Kwa mpango huo, yule wa 7 katika 10 humwondoa mpinzani wake mara 87 katika 100. Watu ni wale wale, mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni urefu wa kipimo.

Watu wa bonde la Rufiji hawahitaji kufundishwa jambo hili, na hapo ndipo linapostaajabisha kusahauliwa kwake uwanjani. Mpunga hupandwa kabla ya gharika. Maji yakija mapema au yakizidi, huuzamisha. Yakichelewa au yakipungua, hukauka. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, ya hodari na ya mvivu pamoja. Hakuna mzee wa bonde aliyesimama juu ya maji yale akatangaza kuwa hodari hakuwa hodari tena. Mkulima hupimwa kwa miaka, na kwa kujua hivyo hagawi mbegu zake mahali pamoja: kuna shamba la bondeni, kuna la juu, na maji yakishuka kuna mahindi na kunde za mlau katika tope lililobakia. Hekima hiyo ya kutokuamini msimu mmoja hurithishwa mtoto angali mdogo. Kisha mtoto huyo huyo huenda kutazama mpira, na kwa dakika tisini husahau yote aliyofunzwa na mto.

Sasa yabakia sehemu ambayo wapenda neno bahati hawaijui. Mechi moja ni fupi, lakini si lazima iwe fupi kiasi kimoja. Ichukuliwe timu imara ambayo hufunga katika zamu 55 kati ya 100 inazopata mpira, na dhaifu ambayo hufunga katika 45. Kila moja ikipata zamu 70, na sare ikiamuliwa kwa kurusha shilingi, mnyonge atashinda takriban mara 12 katika 100. Zamu zikipunguzwa nusu zikawa 35, atashinda takriban mara 20. Hakuongeza nguvu hata chembe. Amepunguza nafasi za nguvu kujidhihirisha. Kinyume chake ni bao. Katika bao zamu ni nyingi, hakuna kete ya kubahatisha, na hesabu yote iko machoni. Kwa hiyo mwanagenzi akikaa mbele ya fundi chini ya mwembe, hushindwa leo, hushindwa kesho, na hakuna mtu atafutaye sababu. Mchezo wa bao haujui vigogo wanaoangushwa na wapita njia. Kikapu huwajua, na kandanda yenye mabao machache huwajua zaidi.

Waalimu wa vyuo vidogo wameijua siri hii tangu zamani. Mwaka 1985 Villanova, waliopewa namba 8, walikutana katika fainali na Georgetown, mabingwa wa mwaka uliotangulia, walioongozwa na Patrick Ewing. Wakati huo hakukuwa na saa ya kumlazimisha mwenye mpira atupe. Villanova waliushika mpira, wakaupitisha mkono kwa mkono kwa subira ya mvuvi, wakatupa mara 28 tu kwa mchezo mzima. 22 ziliingia, na wakashinda 66 kwa 64. Saa hiyo ya kutupa ilipokuja kuwekwa, werevu haukufa. Machi 1996 Princeton, namba 13, chini ya mwalimu wao Pete Carril, waliwakabili UCLA, mabingwa wa 1995. Mchezo ukaisha 43 kwa 41. Matokeo hayo ni machache kiasi cha kumfanya mgeni adhani kuwa ni ya kipindi cha kwanza. Princeton hawakuwazidi UCLA kwa mbio wala kwa kuruka. Waliwanyima mechi ndefu. Mtu aitaye kazi ile bahati humdhulumu Carril; aiitaye moyo humdhulumu zaidi, kwa kuwa humsifu mwenye akili kwa kitu ambacho hata mjinga anacho.

Njia ya pili ya mnyonge ni kutupa kutoka mbali. Mtupo wa mbali, tangu uliporuhusiwa kuleta pointi tatu katika vyuo vyote mnamo msimu wa 1986–87, una tabia ya mvua za vuli: siku moja hunyesha, siku nyingine hupita juu. Timu yenye nguvu haihitaji kubahatisha. Dhaifu yahitaji, kwa kuwa siku yake ya kawaida ni siku ya kufungwa, na wokovu wake umo katika siku isiyo ya kawaida. Tangu 1985 hadi 2017 wa namba 1 walikutana na wa namba 16 mara 132, wakashinda zote. Tarehe 16 Machi 2018 Virginia, waliohesabiwa kuwa bora kuliko vyuo vyote, walikutana na UMBC, chuo cha Maryland ambacho wengi walikuwa hawajakisikia. Nusu ya kwanza ilikuwa 21 kwa 21. Nusu ya pili UMBC wakafunga 53. Mitupo yao ya mbali iliingia 12 katika 24. Ya Virginia iliingia 4 katika 22. Mwisho 74 kwa 54.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo husahauliwa na wasimulizi kwa furaha ya kumwona mkubwa chini. Virginia walikuwa na desturi ya kucheza polepole kuliko karibu chuo chochote. Walikuwa wenye nguvu, nao wakajifupishia kipimo kwa hiari yao, kama tajiri anayekubali kucheza karata mkono mmoja na maskini kwa dau la nyumba. Tena mchezaji wao De'Andre Hunter alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, hakucheza. Aibu ile haikuwa bila sababu hata kidogo. Na ikiwa ilikuwa hukumu juu ya thamani yao, hukumu hiyo ilidumu mwaka mmoja kamili: Aprili 2019 Virginia walitwaa ubingwa. Purdue nao walifungwa na Fairleigh Dickinson, namba 16, mwaka 2023, kwa 63 kwa 58, wakiwa na Zach Edey mwenye urefu wa mita 2.24 mbele ya timu fupi kuliko zote za daraja lile. Mwaka 2024 wakafika fainali.

Hao wawili, UMBC na Fairleigh Dickinson, ndio pekee walioshinda katika mechi 160 za namna hiyo zilizochezwa hadi mashindano ya 2025. Msomi wa moyo na ajibu: wale 158 walioshindwa hawakuwa na moyo? Hawakuimba njiani, hawakuomba dua, hawakulia vyumbani walipotoka? Sababu ambayo huwepo kwa washindi na walioshindwa sawasawa si sababu. Ni pambo. Nayo si pambo lisilo na madhara, kwa kuwa humwambia kijana wa Chumbi kuwa akifungwa, kasoro iko rohoni mwake, hali kasoro ilikuwa kwamba timu yake ilikimbizana na wenye mapafu mapana kuliko yake badala ya kuushika mpira.

Lakini madhara ya moyo ni madogo yakilinganishwa na yale ya kamati ya ufundi. Fedha zilizochangwa na vijana wavuvi na wakulima, ambazo zingenunua mpira wa pili wa mazoezi, huenda kwa mganga. Akishinda, husifiwa, wakifungwa, mganga wa wapinzani alikuwa mkubwa zaidi, na mchango huongezwa. Biashara hiyo haiwezi kufilisika, maana hasara yake huhesabiwa kuwa tangazo. Na uchawi ukishakubaliwa kuwa sababu, hutakiwa mchawi. Ndipo golikipa aliyeteleza kwenye tope hupoteza marafiki, na ndipo bibi kizee mwenye nyumba karibu na uwanja huanza kutazamwa vibaya. Nchi hii yajua vema mtazamo huo umekwisha kuwafikisha wazee wake wapi. Hapana anayedai kuwa mbuzi mmoja wa mashindano humwua mtu. Linalodaiwa ni kuwa desturi ya kutafuta mkosaji katika jambo lililozaliwa na hesabu ni desturi moja, iwe kwa mpira, kwa mtoto aliyeugua au kwa mamba aliyekamata mtu mtoni.

Ikiwa mfano wa Marekani waonekana kuwa wa mbali, mfano wa nyumbani upo. Desemba 2017 Simba ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikilishikilia kombe la mtoano la nchi, ilitolewa na Green Warriors, timu ya daraja la chini, kwa penalti baada ya sare ya 1–1. Kelele zilizofuata zikumbukwe na waliozisikia. Msimu huo huo Simba ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu. Desemba 2018 ikatolewa tena katika kombe hilo, na Mashujaa ya Kigoma, kwa 3–2. Msimu huo huo ikawa bingwa tena, ikafika na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika ligi kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili: mechi 30 msimu wa kwanza kati ya hiyo, 38 msimu wa pili. Kombe lilitoa hukumu moja kwa dakika tisini; ligi ikatoa nyingine kwa miezi tisa. Mwenye kutaka kujua nani bora na asome ya pili. Mwenye kutaka kushtuliwa na atazame ya kwanza, wala hakuna ubaya katika kutaka kushtuliwa. Ubaya ni kushtuka kisha kuuliza nani amefanya.

Yafaa isemwe pia kuwa baadhi ya wale waitwao wanyonge si wanyonge hata kidogo. Namba hutolewa na kamati ya watu, nayo hukisia. Vyuo vikubwa havipendi kwenda kucheza katika kumbi za vidogo, kwa hiyo vidogo hufika Machi vikiwa na ushindi mwingi dhidi ya wasiojulikana, na kamati hupunguza. Wa namba 12 huwatoa wa namba 5 takriban mara moja katika kila tatu. Jambo litokealo mara kwa mara kiasi hicho halistahili tena kuitwa ajabu. Kisha kuna umri. Tangu 2006 ligi ya kulipwa ya Marekani imemtaka kijana angoje mwaka mmoja baada ya shule ya sekondari. Hivyo vyuo vikubwa vilijaza watoto wenye vipaji waliokaa mwaka mmoja wakaondoka, na vidogo vikabaki na watu wazima wa miaka 22 waliokwisha kucheza pamoja miaka minne. Mashabiki walitazama vipaji, wakasahau kuhesabu ndevu.

Hoja ya mwisho ndiyo inayowanyamazisha wasemao kuwa bahati ndiyo kila kitu, kwa kuwa bahati haiuzwi, na kuanguka kwa vigogo kumeanza kununuliwa. Tangu 2021 mchezaji wa chuo aweza kupokea fedha kwa jina na sura yake, na aweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Basi mwamba wa chuo kidogo, badala ya kukomaa na wenzake hadi mwaka wa nne, huitwa na chuo kikubwa mara tu anapong'aa. Mwaka 2025, baada ya raundi mbili, vyuo 16 vilivyobakia vyote vilitoka katika mashirikisho manne makubwa, na wanne wa mwisho wote walikuwa wa namba 1, jambo ambalo kabla ya hapo lilitokea mara moja tu, mwaka ule ule wa Tampa. Mwaka mmoja, kama ilivyokwisha kusemwa, ni kipimo kifupi, na mwaka wowote waweza kuleta UMBC mwingine. Lakini mkondo umeonekana. Matajiri hawakuajiri waganga ili wajikinge na wadogo. Waliwaajiri wadogo wenyewe.

Watu wa Chumbi wangeyaelewa hayo mara moja. Siku ya fainali ya mbuzi hushuka mtu kutoka kwenye pikipiki, ametoka ng'ambo ya daraja, labda Ikwiriri, labda Kibiti. Viatu vyake ni vipya, na katika orodha ya timu anaitwa kwa jina la kijana mwingine wa kijiji ambaye yuko palepale pembeni, amekaa juu ya baiskeli, akitazama. Watoto hunong'onezana neno ambalo wamelijua kabla ya kujua kusoma: mamluki.